Somo la Wiki: Simu Inasema Umefika, Bibi Anasema Bado

Somo la safari hii nilikuwa nimepanga liwe la vyakula, lakini limebadilika kwa sababu ya pikipiki moja.

Wiki mbili zilizopita, saa moja ya jioni, bibi wa mwanafunzi wetu mmoja alikuwa nyumbani hapa Mirdif na mjukuu wake wa miaka kumi. Bibi amekuja kutembea kutoka Unguja na ana kisukari. Insulini yake ilikuwa imekwisha. Mama wa mtoto alikuwa kazini, akaagiza nyingine kwa simu kutoka duka la dawa, iletwe na pikipiki. Pikipiki ikaja upesi, kisha ikaanza kuzunguka mitaani. Kijana akapiga simu, mtoto akapokea, wakasemezana Kiingereza, kila mtu na chake, hawakuelewana. Bibi akauliza kwa sauti, “Nani huyo, mbona haji?” Kijana akasikia. “Kumbe Waswahili! Shikamoo bibi, mimi ni wa Likoni.”

Mtadhani hapo mambo yalikwisha. Hayakwisha.

“Uko wapi, mdogo wangu?”
“Niko hapa.”
“Hapa wapi?”
“Hapa nyumbani.”
“Mwambie,” akasema bibi, “ukitoka msikitini tupo upande wa kibla.”
“Bibi, kibla ya huku iko wapi?”

Mwishowe kijana akasema, “Napiga honi, sikiliza.” Mtoto akaisikia honi nyuma ya ukuta wa jikoni. Alijua sasa pikipiki iko wapi, ila hakuwa na neno la kumwambia kijana azunguke. Akasema, “Njoo, sisi nyuma yako huku.” Dakika 40 zilikwenda hivyo.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nilipohadithiwa nilifikiria dawa kwanza. Insulini ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na nje hapa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Siku hiyo mfuko ulikuwa na barafu na sukari ya bibi haikuwa imepanda sana, alhamdulillahi. Lakini kilichoniuma zaidi ni kitu kingine. Mtoto huyu tumemfundisha miaka miwili. Anajua rangi, wanyama, siku za wiki, na anaimba vizuri kuliko mwalimu wake. Hawezi kumwelekeza mtu mpaka mlangoni kwao. Kosa hilo ni letu sisi walimu.

Basi leo tunajifunza kuelekeza. Kabla ya hapo tumtetee kidogo yule kijana, maana watoto darasani walicheka wakasema, “Si ana GPS?”

Anayo. GPS ni setilaiti za Marekani zisizopungua 24, zinazozunguka dunia juu sana, kama kilomita 20,200 kutoka ardhini. Kila moja inatangaza muda wake. Simu inapokea matangazo hayo, inapiga hesabu kila moja limechukua muda gani kufika, na hapo inajua umbali. Tangazo linashuka kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Saa ya simu ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, hesabu inakosea mita 300. Ndiyo sababu simu inahitaji setilaiti nne na si tatu: ile ya nne inasaidia kusahihisha saa. (Neno setilaiti lisiwatishe, na sisi pwani tuna habari nalo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Haikuwa ya kuonyesha njia. Kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Lakini jina letu lilifika huko juu.)

Mahali pa wazi, simu ya kawaida inakosea kama mita tano hivi. Si vibaya hata kidogo. Lakini hapa Mirdif, mita tano ni upana wa kichochoro kati ya kuta mbili. Tena kuna jambo jingine, nalo ndilo lililompata kijana wetu. Programu ya ramani inaweka alama katikati ya nyumba, halafu inatafuta barabara iliyo karibu zaidi na alama hiyo. Kama barabara ya karibu ni ile ya nyuma ya jikoni, itakupeleka nyuma ya jikoni na kusema kwa furaha, “Umefika.” Haijui kwamba ukuta hauna mlango. Haikukosea hesabu. Haikujua tu kwamba watu huingia kwa mlangoni.

Sasa weka hayo yote juu ya pikipiki. Mwenye gari ana kiyoyozi, kioo kikubwa, na sauti inayosikika. Mwenye pikipiki simu yake imefungwa kwenye usukani juani. Apple wanasema iPhone imetengenezwa itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35, na sote tunajua Julai ya Dubai ilivyo. Simu inapata moto, inapunguza mwanga wa kioo, na ikizidi inajizima yenyewe mpaka ipoe. Mwanga ukipungua na jua likiwaka, kioo kinakuwa cheusi, unaona uso wako mwenyewe. Ukitaka kugusa kioo, glovu za kawaida hazikubali, lazima uvue. Sauti inamezwa na upepo na kofia ngumu. Hata mtikisiko wa injini una madhara yake: mwaka 2021 Apple walitoa onyo kwamba mtetemo wa pikipiki kubwa unaweza kuharibu kamera ya simu iliyofungwa kwenye usukani.

Nikawapa watoto wa darasa la juu hesabu. Pikipiki inakwenda kilomita 60 kwa saa. Kijana anatazama simu sekunde mbili. Amekwenda umbali gani bila kutazama njia? Jibu ni zaidi ya mita 33. Darasa lilinyamaza kidogo. Mmoja akasema hilo ni zaidi ya bwawa la kuogelea la shule yao. Wazazi, mkimpigia simu kijana wa pikipiki aliyeko njiani kumuuliza amefika wapi, kumbukeni hizo mita 33. Mwacheni asimame apige mwenyewe.

Na akisimama, tatizo jingine. Ukiwa umesimama, GPS inajua ulipo lakini haijui unatazama wapi. Inahitaji usogee ndipo ijue. Simu inajaribu kutumia dira yake ya ndani, na dira hiyo inavurugwa na chuma na sumaku iliyo karibu. Ndiyo maana mara nyingi inaanza kwa kusema “elekea kaskazini”, mshale unazungukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na wewe hujui kaskazini ni wapi.

Tukae hapo kwenye kaskazini. Neno hili limetoka kwenye kaskazi, ule upepo unaovuma kutoka upande huo, takriban Desemba hadi Machi, uliokuwa ukishusha majahazi kutoka huku Ghuba mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Kusini ni upande wa kusi, upepo uliowarudisha. Wazee wetu hawakuhitaji mshale. Walihisi upepo shavuni. Na bibi yetu alitumia dira yake pia, ya kibla. Unguja ni karibu chini kabisa ya Makka kwenye ramani, kwa hiyo mtu wa Unguja akisema “upande wa kibla” anasema kaskazini. Hapa Dubai kibla ni magharibi, imeinama kidogo kusini. Bibi alielekeza kwa usahihi kabisa, ila kwa dira ya nyumbani kwake. Kama kijana angekuwa anaijua Mirdif kama anavyoijua Likoni, angeelewa. Na kama bibi angesema “magharibi ya msikiti”, pengine angeelewa pia. Watoto, waulizeni bibi na babu zenu: nyumbani kwao kibla ni upande gani?

Kulia na kushoto. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, msahau yote lakini hilo msilisahau. Pwani mtasikia pia mkono wa kuume kwa maana ya kulia, na mkono wa kike au wa kuke kwa maana ya kushoto. Hapa Emirati magari yanapita kulia. Tanzania, Kenya na Uganda yanapita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo yanapita kulia kama huku. Kijana aliyezoea bodaboda Mombasa akija hapa, mikono inajua jambo moja na barabara inataka jingine. Ugumu unaonekana zaidi kwenye mzunguko wa barabara, ambao Tanzania tunauita kipilefti, kutokana na kibao cha Kiingereza kinachosema kaa kushoto. Nilipowaambia watoto kwamba hapa Dubai tunaingia kipilefti kwa kukaa kulia, walicheka mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia. Wakenya wao husema raundabauti. Chagueni mnalotaka, lakini mjue hapa unampisha anayetoka kushoto, na Dar es Salaam unampisha anayetoka kulia.

Sasa lile “niko hapa.” Kiswahili kina njia tatu za kusema mahali, na mtoto wetu alihitaji zote tatu jioni ile. Hapa na pale ni mahali unapoweza kupanyooshea kidole: mlangoni, kwenye nguzo, chini ya mti. Huku na kule ni upande au eneo: huku Mirdif, kule barabara kubwa. Humu na mle ni ndani: humu chumbani, mle ndani ya ukuta. Kwa hiyo, kijana yuko kule nyuma, sisi tumo humu ndani, mlango upo pale mbele. Simu inajua huku vizuri sana. Inapata shida na pale, na humu haijui kabisa. Nani anasema mlango uko wapi? Ni wewe mwenye nyumba.

Neno jingine la hatari ni mbele. “Mbele ya msikiti” inaweza kuwa mnatazamana na msikiti, au ukishaupita msikiti unaendelea. Nimeona watu wazima wakigombana kwa neno hili. Kama unamaanisha kutazamana, sema “mkabala na msikiti” au “nyumba inatazamana na msikiti”. Kama unamaanisha kupita, sema “ukishaupita msikiti”. Na “mbele kidogo” msiitumie kabisa, hasa wenzangu wa Tanzania, ambao kwetu mbele kidogo ni kilomita mbili.

Vitendo vya njiani ni hivi: nyoosha, yaani nenda moja kwa moja bila kupinda. Pinda au kunja kulia, kata kona, shika njia ya kushoto, vuka barabara, zunguka, rudi, ingia, simama. Zunguka ndilo neno lililokosekana jioni ile. “Uko nyuma ya nyumba, zunguka uje mbele.” Maneno saba, na dakika 40 zingekuwa tatu. Vitu vya njiani: kona, njia panda, taa za barabarani, matuta, daraja, kichochoro, geti, kituo cha mafuta ambacho Dar es Salaam tunakiita sheli. Buguruni Sheli ni kituo maarufu cha daladala, na jina limebaki kwenye midomo ya watu miaka yote.

Angalieni majina ya kwetu yalivyo maelekezo yenyewe. Mkunazini, kwenye mkunazi. Mbuyuni, kwenye mbuyu. Mkwajuni, kwenye mkwaju. Mnazi Mmoja, Mwembe Tayari, Magomeni Mapipa. Hata mti ukikatwa, jina linaendelea kuonyesha njia. Ile -ni ya mwisho ndiyo inayofanya kazi: nyumba ni kitu, nyumbani ni mahali. Msikiti, msikitini. Duka, dukani. Geti, getini. Watoto wadogo wafanye zoezi hili na wazazi mezani (meza, mezani, mmeona?).

Ramani nazo zimejifunza kutoka kwa watu wa mitaani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walizunguka na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulionekana kama pori tupu ingawa umejaa watu. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazopata mafuriko walifanya hivyo hivyo katika mradi wa Ramani Huria. Na mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikawekewa namba na mitaa ikapewa majina. Programu za ramani pia zilianza kuweka njia ya pikipiki peke yake, India mwaka 2017 kisha nchi nyingine, Kenya ikiwemo, maana bodaboda hupita pasipopita gari. Hata hivyo, nendeni Mji Mkongwe wa Unguja na simu mkononi. Vichochoro vyembamba, nyumba ndefu za mawe, tangazo la setilaiti linagonga ukuta huu na ule kabla ya kufika kwenye simu, na alama yako inaruka kutoka Hurumzi hadi Shangani hali wewe umesimama. Huko unauliza watu. Wanaokunywa kahawa barazani wanajua.

Hapa kwetu kuna kitu ambacho wazazi wengi hawakitumii. Kwenye milango ya majengo ya Dubai kuna kibao kidogo chenye namba ya Makani, tarakimu 10, iliyowekwa na Manispaa. Makani kwa Kiarabu ni mahali pangu. Uzuri wake ni kwamba namba ni ya mlango wa kuingilia, si ya kiwanja chote, kwa hiyo haimpeleki mtu nyuma ya jikoni. Iandikeni na kuibandika kwenye friji, karibu na namba ya gari la wagonjwa, ambayo ni 998. Nasema hili kama muuguzi. Nimeona wagonjwa wanaoletwa na jamaa waliohangaika kueleza nyumba iko wapi, na sauti yao inakuwa imeshakauka wanapofika. Bibi asiyejua Kiingereza wala Kiarabu anaweza kumpa mtoto karatasi asome tarakimu 10. Mtoto wa miaka sita anaweza. Tumejaribu darasani, na wamesoma kwa Kiswahili na Kiingereza.

Lakini namba haitoshi, kwa sababu simu inaweza kuzimika kwa joto, au kijana akakosea tarakimu moja. Hapo ndipo maelekezo ya kibinadamu yanapohitajika, na yana mambo mawili ambayo mara nyingi mashine haisemi. La kwanza ni kukataza: “usiingie geti la kwanza.” La pili ni kumwambia mtu atajuaje amepotea: “ukiona sheli, ujue umeshapita, rudi.” Sikilizeni Mswahili yeyote akielekeza, lazima atayasema hayo mawili. Kisarufi tunatumia uki- kwa sharti (ukifika, ukiona), ukisha- kwa jambo lililokamilika (ukishapita), na usi- kwa kukataza (usipinde). Matatu hayo yatakufikisha popote.

Kazi ya nyumbani. Wekeni simu mbali. Mwelekeze mtu kutoka Mirdif City Centre, au kutoka msikiti ulio karibu nanyi, mpaka mlangoni kwenu. Sentensi zisizidi sita. Moja iwe na usi-, moja iwe na “ukiona … umeshapita”, na angalau jina moja la mahali liishie na -ni. Wakubwa waandike. Wadogo wachore, kisha waseme. Mzazi arekodi sauti na kuituma kwa bibi au babu nyumbani, naye aseme kama angefika au angepotea. Msiwasaidie sana. Na msiandike namba ya nyumba yenu kwenye karatasi mnayoleta darasani, hiyo ibaki kwenye friji.

Mwenzetu wa miaka kumi ameshaleta yake, na amenikubalia niiweke hapa bila jina lake. Sijasahihisha chochote isipokuwa nukta:

“Ukitoka msikitini nyoosha mpaka matuta mawili. Kata kona kulia, usiingie kichochoro, kichochoro kinakwenda jikoni kwetu na hakuna mlango. Ukishapita kichochoro pinda kulia tena. Utaona mti mkubwa, watu wa hapa wanauita sidri lakini bibi anasema ni mkunazi. Ukiona duka la kufulia nguo umeshapita, zunguka. Mimi nitakuwa pale getini nimesimama.”